Alinitumia hadithi yake nimkosoe, sasa naogopa kumjibu

Admin, jina langu libaki kwako tu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina mtoto mmoja, na ninakaanga chips hapa Free Area, Nakuru. Wateja wakipungua huwa ninaandika hadithi kwa simu, zile za miaka ijayo, za mashine zinazofikiri na watu wanaohamia sayari nyingine. Chekeni tu, wengi wameshacheka. Tuko na kikundi cha WhatsApp cha watu wanaoandika hadithi kama hizo, na kila mmoja ana mwenzake wa kumsomea kazi kabla wengine hawajaiona. Wangu ni mwanaume nitakayemwita Kim. Sheria yetu ni kwamba ukikosolewa hujitetei. Unaandika "Nimepokea," halafu unarudi kurekebisha.

Kim nilimjua pamoja na mke wake, nitamwita Njeri. Njeri ndiye aliyeniunganisha na mama yake, mkulima kule Dundori, na mpaka leo waru, yaani viazi, zangu za chips hutoka kwake. Mwaka jana Kim alituambia Njeri ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Iliniuma kwamba aliondoka bila kuniaga, lakini safari hizo huja ghafla, nikaachana nayo.

Muda si mrefu Kim akaanza hadithi mpya. Mwanaume ana mashine iliyosoma meseji zote ambazo mke wake aliwahi kuandika. Mke hayupo tena, lakini mashine inaendelea kuwajibu watu kwa jina lake, na mama mzazi hajui chochote. Nilimwambia wazo ni zuri mpaka linatisha. Nikamuuliza pia huyo mke mwenyewe alienda wapi, kwa sababu msomaji lazima atataka kujua. Akajibu, "Nimepokea." Sura iliyofuata ikaja, na pengo hilo hakuligusa.

Mimi kilichonikera zaidi ni zile meseji. Mashine yake ilikuwa ikimwandikia mama, "Habari mama, natumai u mzima wa afya." Nilimcheka sana. Nilimwambia hakuna mtoto wa mkulima anayemwandikia mama yake kama anayeomba kazi. Huyo anauliza shamba kwanza, salamu baadaye. Nikampa mfano wa kwetu Molo. Marehemu baba alikuwa akiziacha waru ardhini akingoja bei ipande, na sisi tulisema zimelala. Hata leo nikimpigia mama simu, neno la kwanza ni, "Waru zimelala?" Huo ni msemo wa boma letu, sijawahi kuusikia kwingine. Kim akauweka kwenye sura na ikasomeka vizuri kabisa. Nilijiona fundi.

Wiki chache zilizopita mama yake Njeri aliniletea waru mwenyewe. Alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Akanieleza kwamba tangu binti yake aondoke hajawahi kusikia sauti yake, kwa sababu Kim anasema mwajiri hataki simu za kupiga. Zilikuwa zinakuja meseji tu, na ziliandikwa kama barua za ofisi. Hofu ilikuwa imemwingia, akaanza kupanga kwenda Nairobi kuulizia wale waliompeleka. Lakini sasa ameahirisha.

"Nilikuwa nimeanza kuogopa, lakini hii ni yeye," akaniambia, akinipa simu nisome. "Ati waru zimelala? Sijui hiyo ametoa wapi, lakini ilinichekesha, nikasema huyu ni msichana wangu."

Nilisoma maneno ya marehemu baba yangu kwenye simu ya mama wa watu. Nikamrudishia simu, nikamwambia ni vizuri. Ndiyo, nilisema ni vizuri. Akajifunga leso yake vizuri, akaenda zake akiwa na furaha.

Nimejaribu kumtetea Kim moyoni. Labda alimtumia Njeri ile sura, naye akaupenda msemo. Labda. Nikamwandikia kama ninayekosoa, kwamba msomaji anaweza kudhani mambo haya yametokea kweli. Akajibu, "Nimepokea."

Jana ameleta sura mpya. Kuna mhusika mwingine, rafiki wa familia, mwanamke anayepika chakula kando ya barabara na kununua waru kwa yule mama. Mwanamke huyo ameshaelewa kila kitu. Sura inaishia hapo. Chini yake Kim ameniandikia, "Hapa nimestuck. Huyu rafiki akijua, ataambia nani kwanza? Kuwa honest, wewe ndio unaonanga mapengo."

Leo asubuhi alipita kwa kibanda changu, akanunua chips, akaniuliza kwa upole kama nimemaliza kusoma. Nikamwambia bado. Akasema hana haraka.

Ndugu zangu, ninaogopa. Nikienda polisi nitawaonyesha nini, hadithi ya mashine? Nikimwambia mama na kumbe nimekosea, nitakuwa nimemzika mtoto wake akiwa hai. Nikinyamaza, hakuna mtu anayemtafuta Njeri. Aliyekuwa karibu kumtafuta ni mama yake, na mimi ndiye niliyemtuliza kwa maneno ya nyumbani kwetu.

Kim anafuata ukurasa huu, yeye ndiye aliyenionyesha. Basi jibu lake ndilo hili, nimewaambia nyinyi kwanza. Jumamosi mama analeta waru. Akifika nimwambie nini? Nishaurini, tafadhali, na mnishauri mapema.