Nilivyofua noti ya Mama Mwajuma wa Lubunga

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Hiki kisa ni changu mwenyewe, Kisangani, enzi za Zaire. Sijaongeza chumvi, maana aibu yenyewe inatosha.

Bon. Nilikuwa mwalimu kijana, na abacost yangu, ile suti isiyovaliwa na tai, na ugonjwa wangu ulikuwa noti za faranga za wakati wa Wabelgiji. Nazitafuta, nazipanga ndani ya daftari. Walimu wenzangu walinicheka sana: "Tajiri wetu huyu, faranga zake hazinunui hata chikwanga moja ya muhogo!"

Ng'ambo ya mto, Lubunga, alikaa mjane mmoja, Mama Mwajuma, muuza samaki wa kukaushwa. Alikuwa na noti ya faranga mia, ile yenye tembo mgongoni. Nilikuwa naiota! Kila Jumapili navuka na pirogi kumbembeleza aniuzie. Hataki. Marehemu mume wake, mtu wa reli ya Ubundu, alimpa siku ya ndoa yao.

Mwisho akanichoka. "Mwalimu, kamata, uonyeshe wenzako. Juma moja tu. Lakini uichunge muzuri, iko kitu ya bwana yangu."

Wakuu, niliichunga kupita kiasi.

Noti ilikuwa chafu, inanuka samaki, na pembeni ina mikwaruzo ya wino. Nikasema ngoja nimfurahishe mama. Sabuni, maji ya vuguvugu, mswaki. Nikaianika kambani na kibanio, katikati ya soksi zangu. Kisha pasi ya makaa. Ikanyooka! Nikajiona fundi.

Wakusanyaji wa kweli najua hapa mmeshika vichwa. Noti haifuliwi jamani, karatasi inakufa. Mimi sikujua.

Nikarudi Lubunga natabasamu. Mama akaigeuza, akaigeuza tena.

"Jina iko wapi?"

Jina gani, mama?

"Ya bwana yangu. Aliandikaka hapa pembeni. Hakujua kuandika kitu ingine, jina yake tu."

Kumbe ile mikwaruzo! Nilitamani ardhi inimeze. Roho iliniuma, hadi leo inaniuma.

Mama akanitazama nilivyonywea, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Akaita majirani: "Mukuje muone! Mwalimu amemufula bwana yangu na sabuni!" Tangu siku hiyo, kule kwa wapiga pirogi mimi ni Papa Sabuni.

Nikatoa kalamu. Nikamwomba angalau nimwandikie jina upya, akakubali. Nikaandika Ramazani, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi zimesimama sawasawa.

Akaliangalia muda mrefu.

"Iko muzuri sana, mwalimu," akasema polepole. "Yeye alikuwa anaandika mubaya."

Akaikunja noti, akaifunga kwenye pindo la kikwembe chake, akarudi kwa samaki wake.

Donc wakuu, ukiazima kitu cha mtu, kirudishe na uchafu wake. Haya, nani mwingine humu ameharibu kitu kwa kukisafisha? Semeni, nisibaki mjinga peke yangu. Na kunicheka ruksa, nimeshazoea.