Mtu wa Udongo Akianguka

Nyinyi vijana mnaokula huku kidole kiko kwenye simu, someni hii polepole. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na Kiswahili nilikiokota sokoni Uganda, tulipokuwa wakimbizi. Lakini vita ya kuchezwa naijua.

Enzi zetu askari tuliwafinyanga kwa udongo wa kichuguu, tukawaanika kwenye bati mpaka wakakauka. Kila mtoto alikuwa na watano, kila askari na jina lake. Mbegu nne za ukwaju tulizisugua jiweni upande mmoja mpaka zikawa nyeupe. Kabla ya kurusha, unasema kwa sauti mtu wako anafanya nini: "Loro anavuka mto, anapiga mkuki!" Nyeupe mbili au zaidi, umepiga. Nyeupe moja, umekosa. Zikilala zote nyeusi, Loro mwenyewe ameanguka.

Aliyeanguka hakuondolewa. Alilala palepale, na mwenzake alipoteza zamu kumbeba mpaka nyumbani, yaani kwenye mstari wetu wa majivu. Ukimwacha, hata ukimaliza maadui wote, hujashinda. Siku moja nilimwacha wangu, nikaruka nikishangilia. Mama alikuwa anasaga simsim. Hakuinua kichwa.

"Huyo ni udongo," alisema, "lakini moyo uliomwacha ni wako."

Nilirudi kumbeba, watoto wote wakinicheka.

Sasa mjukuu wangu Keji, hapa mtaani kwetu Hai Mauna, ameutia mchezo ule kwenye kompyuta. Jumamosi anaupeleka mtaa wa Thongpiny, kwa watu wanaochagua michezo ya kwenda mashindanoni Nairobi. Mbegu alizipatia: zinaruka, hata mlio wake unausikia. Alinipa mimi Haboba, yaani bibi yake, nicheze. Nikapiga, nikapigwa, kioo kikaandika nimeshinda.

"Nimeshinda nini? Loro yuko wapi?"

"Haboba, akianguka anafutika. Wakilala wanaziba njia."

"Sisi tulipokuwa wadogo hatukuwa na njia?"

Kaka yake Wani akacheka. "Vita ya kubebana! Haboba, hiyo si vita, ni gari la wagonjwa. Keji, ukimsikiliza, watu wa Thongpiny watasinzia kwenye viti."

Keji hakucheka. Alijua Wani hasemi uongo. Mchezo wa polepole huachwa. Akakaa siku tatu na kompyuta yake. Sasa aliyeanguka analala palepale, kumvusha mto ni mpaka mbegu zikubali, na neno la ushindi halitoki kabla wote hawajafika mstarini.

"Wakiukataa, Haboba," akaniambia, "wataukataa na sheria yake."

Jana mchana Wani akaujaribu. Akamaliza maadui wote, akangoja. Kimya. Mtu wake mmoja alikuwa amelala ng'ambo. Akamrudia akinung'unika. Mbegu zikamkatalia mara moja, zikamkatalia tena. Mara ya tatu nilimwona ameinamia kioo, hanung'uniki tena.

Sisi tulikuwa na udongo na muda. Udongo haufutiki, unabaki mbele ya macho yako mpaka uiname uuokote. Nyinyi mna kioo chepesi, kinawasafishia njia mnasahau nani alikuwa amelala pale.

Asida, ugali wetu, ikawa tayari. Wani akataka kuzima aje kula. Nikawaambia wote: hakuna atakayenawa mikono katika nyumba hii mpaka Wani ambebe mtu wake amfikishe nyumbani.