Feni ya Mkwe

Mama Rejeta alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili akitengeneza rejeta za magari katika banda lake la mabati, na katika muda wote huo hakuwahi kumheshimu mtu aliyechora ndimi za moto ubavuni mwa gari. Bahati mbaya, binti yake wa pekee alimpenda mmoja wao. Akaolewa naye.

Mkwe alijiita Kimondo, na jina hilo alilibandika kwenye kioo cha nyuma kwa herufi za kung'aa. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kumpeleka mtu kazini na kumrudisha. Yeye akalifungia tabo ya kuiongezea injini nguvu, aliyoiokota kwenye vyuma chakavu, na bomba la moshi nene kama gogo, likawa linanguruma mtaani kama simba mwenye jino bovu. Ila likikuta foleni tu, linachemsha. Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Mama Rejeta, tena alilisema akiwa peke yake, maana mkwe ni mkwe.

Mafundi wanne walikuwa wameshalichezea. Mmoja alitoa themostati inayodhibiti joto la injini na kuitupa, mwingine akalifungia pampu mpya ya maji, wa tatu akalimiminia dawa ya kijani. Wa nne alisema gari halikuumbiwa tabo. Huyo alifukuzwa.

Asubuhi moja likaja bandani likivutwa kwa kamba, Kimondo kwenye usukani, mkewe kando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo kimondo kinavutwa?"

Akajifanya hakusikia. "Rejeta imeziba. Vingine vyote nimeshakagua. Feni ya zamani ilikuwa inagusana na bomba la tabo, nikaitoa, nikafunga hii ya umeme kwa mkono wangu mwenyewe."

Mama Rejeta alimsadiki kwa neno moja tu, la kuziba, kwa kuwa hajaona mpuuzi mwenye rejeta safi. Akaifungua, akaichokonoa, akapitisha maji. Yakatoka mengi, meupe, bila hata chembe ya kutu. Asubuhi nzima imekwenda bure. Akajidharau na yeye kidogo, akairudisha, akajaza maji, akawasha injini, akaiacha ipate moto hadi feni ikaanza kuzunguka.

Binti yake, aliyekuwa amesimama mbele ya bampa, akarudi nyuma hatua mbili. "Ndiyo maana sipendi kusimama hapa," akasema. "Feni ikianza, joto linanichoma magoti."

"Ukiwa mbele?"

"Kila siku. Nilimwambia, akasema hizo ni nguvu za tabo."

Mama akachana ukurasa wa gazeti, akausogeza mbele ya rejeta. Kama feni ingekuwa inavuta hewa ya nje, karatasi ingenasa pale ing'ang'anie. Haikunasa. Ilipeperuka, ikampiga Kimondo kifuani.

"Umegeuza nyaya, baba," akasema taratibu. "Upepo unataka kuingia, feni yako inautoa. Vinapigana humo ndani, injini inaungua."

"Haiwezekani, mama. Si unaona inazunguka?"

"Hata kuku aliyechinjwa huzunguka."

Akabadilisha nyaya mbili, kazi ya dakika tano. Akafunga na themostati nyingine, kwani aliyeitoa ile ya kwanza naye alikuwa mzigo tu. Gari likaunguruma nusu saa pale pale, likapelekwa mlimani likarudi, mshale wa joto umetulia katikati. Kimondo alishukuru kwa sauti ndogo, akiangalia viatu vyake.

Wiki iliyofuata Mama Rejeta alipita kwenye kituo cha kuoshea magari, akamkuta Kimondo amezungukwa na wenzake. "Niligundua mtiririko wa hewa una hitilafu," alikuwa akisema, "nikaurekebisha."

Mama hakusimama. Kumsahihisha kungekuwa kumpa heshima. Alipofika bandani akampigia binti yake simu.

"Kesho uje nikufundishe kulehemu rejeta."

"Na mume wangu nimwambieje?"

"Mwambie mama amezeeka, anahitaji msaada. Hilo ataliamini."