Wivu wa Mitzi kwenye Roshani ya Wanaosimama

Mitzi Wessely alikuwa akimfungia mteja mikate alipowaona kupitia kioo cha duka: Poldi kashikwa mkono, anavushwa barabara na Burgi Lanzer, na wote wawili wanacheka. Karatasi ikachanika vidoleni mwake. Mteja alimtazama usoni, akauliza kwa upole kama kuna mtu kafa. Mitzi akajibu kuwa bado.

Ukitaka kumjua Mitzi, lakini, usimtafute dukani. Mikate anauza kwa sababu mtu lazima ale. Maisha yake huanza jioni, juu kabisa ya jumba la opera la Vienna, kwenye roshani ya wanaosimama. Huko hakuna viti. Kuna watu waliokaa foleni tangu mchana, kuna chuma cha kuegemea, na kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote, nao huiheshimu kuliko sheria za serikali: ukikifikia chuma, funga skafu yako. Ukishafunga, hapo ni pako. Nenda kanywe kahawa, nenda msalani, nenda kagombane na mumeo ngazini; ukirudi utapakuta. Skafu ya mtu haiguswi, na asiye na skafu hana mahali.

Miaka na miaka skafu ya Mitzi na ya Poldi zilining'inia pamoja pale mbele, bega kwa bega. Poldi alikuwa fundi wa kofia, mwanamke mjane, mpole mbele za watu na mwenye ulimi wa pilipili akiwa na rafiki yake. Kisha macho yake yakaingia ukungu. Masikio alibaki nayo, tena makali, angekwambia ni fidla ipi iliyoteleza. Lakini jukwaa likawa kwake taa na vivuli tu. Gauni la rangi gani, nani kamgeuzia nani mgongo, nani kasahau upanga wake, hayo yakawa kazi ya Mitzi. Kila mapumziko walikaa ngazini, Mitzi akisimulia kwa mikono na nyusi, Poldi kafumba macho, anatabasamu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumsikiliza Mitzi namna ile. Nyumbani mumewe alisikiliza mpira redioni.

Na kila mwisho wa mwezi, ratiba mpya ilipotoka, walikutana mgahawani. Mitzi alisoma opera zijazo na matamasha yajayo, jina kwa jina, kwa sauti ya kusoma msahafu, na Poldi alihukumu. Huyu apewe nafasi. Yule koo lake limekwisha, akafundishe watoto. Ile ndefu ambayo kila mtu anakufa, twende, maana angalau wanakufa kwa sauti nzuri.

Ndipo Burgi alipotokea, wakati majani yanapukutika. Mama mmoja, muuguzi mstaafu kutoka Linz, mnene, mchangamfu, mwenye mkoba uliojaa peremende. Usiku wake wa kwanza hakuijua sheria. Aliweka mkoba sakafuni, akaenda kunywa maji, akarudi akakuta migongo ya watu. Alisimama pale machozi yakimlenga. Na nani alimwonea huruma? Mitzi. Yeye mwenyewe alijibana, akampa mtandio wake wa akiba afunge upande wa pili wa Poldi. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu aliugua.

Kwanza zilikuja peremende. Halafu Burgi akawa anamsindikiza Poldi nyumbani, kwa kuwa njia yao ni moja. Halafu, wakati wa mapumziko, Mitzi akisema gauni lilikuwa jekundu, Burgi anadakia kuwa ni jekundu kama jamu ya nyumbani kwao, na Poldi anacheka hadi anashika ubavu. Mitzi hakuwa amewahi kufikiria jamu.

Mwisho wa mwezi huo aliingia mgahawani na ratiba imekunjwa kifuani. Poldi alikuwa amekwisha agiza kahawa. Mitzi akafungua karatasi, akasafisha koo.

"Ah, hiyo tayari, mwenzangu," Poldi akasema. "Burgi kanisomea jana kwenye simu. Ana vituko yule, anaiga hata sauti za waimbaji."

Mitzi akaikunja karatasi tena, polepole. Alisema vizuri, amefanya jambo jema. Alikula keki yake yote bila kujua ni ya nini. Njiani kurudi aliongea peke yake hadi mbwa wa watu wakageuka kumtazama.

Katika ratiba ile kulikuwa na usiku ambao mji mzima uliungoja: mwimbaji mmoja mkongwe wa sauti nzito ya kike alikuwa anaaga jukwaa. Mitzi na Poldi walikuwa wamemsikia tangu alipoimba nafasi za vijakazi. Mitzi alijiapia kuwa usiku huo, angalau huo, yeye ndiye atakayemsimulia Poldi.

Alifika foleni asubuhi na kiti chake cha kukunja. Wenzake walipofika, Burgi alikuwa na maandazi ya moto kwa foleni nzima, na foleni nzima ikampenda. Milango ilipofunguliwa Mitzi alipanda ngazi zile kama msichana, akakipata chuma, katikati kabisa. Skafu tatu zikafungwa: yake, ya Poldi, na ile ya Burgi, ya manjano, inayong'aa kama yai.

"Twende tukanywe kitu," Burgi akasema. "Mitzi, huji?"

Mitzi akasema miguu inamuuma, atabaki. Aliwaona wakishuka, mkono wa Poldi umepita kwenye mkono wa Burgi bila hata kupapasa, kama mkono unaojua njia.

Fundo lilikuwa limelegea, huenda ndiyo sababu. Vidole vyake vililifungua kabla moyo haujakubali. Aliiweka skafu ya manjano kwenye kidato cha ngazi nyuma yake, akageuka, akatazama jukwaa. Hata pumzi hajavuta, kijana mrefu kama mlingoti akaona chuma kitupu, akafunga yake.

Waliporudi, Burgi alimtazama yule kijana, akatazama chuma. Sheria ni sheria, na yeye sasa aliijua. Aliokota skafu yake, akasema labda hakuikaza vizuri, yeye na mafundo tangu zamani hawapatani. Atasimama nyuma, si neno.

"Basi na mimi nasimama nyuma," Poldi akasema.

"Poldi, ni mbele hapa," Mitzi akasema. "Ni usiku wa kuaga."

"Nyuma kuna sauti ileile."

Akafungua skafu yake mwenyewe, akaenda. Hivyo Mitzi akabaki na mahali pazuri kuliko pote katika roshani. Aliona kila kitu. Aliona gauni la buluu iliyokolea, aliona bibi yule akishika ukingo wa gauni kabla ya noti ya kwanza, aliona kiongozi wa okestra akimngoja kama mtu anavyomngoja mama yake ashuke ngazi. Kila alichokiona alikipanga kichwani kwa ajili ya Poldi, kisha akakumbuka.

Wakati wa mapumziko alikwenda nyuma. Wawili wale walikuwa nyuma ya nguzo nene. Burgi, ambaye hakuwa ameona hata ncha ya pazia, alikuwa akieleza gauni la kijani lenye manyoya ya tausi.

"Lilikuwa la buluu," Mitzi akasema. "Halikuwa na unyoya hata mmoja."

Burgi akacheka, akakiri kuwa anatunga, akaenda kutafuta maji. Poldi alikuwa ameshika ile skafu ya manjano mikononi. Alipapasa pembe zake.

"Burgi anadhani ilidondoka," akasema. "Kaniambia kaikuta kwenye kidato, imekunjwa mara nne, kingo zimeingizwa ndani. Skafu inayodondoka haijikunji, Mitzi. Na namjua mtu mmoja tu anayekunja kila kitu kama anafunga mkate."

Mitzi alitaka kusema mengi: kuhusu ratiba, kuhusu jamu, kuhusu mkono usiopapasa. Akasema, "Ulikuwa unasomewa na mimi."

"Nilikuwa," Poldi akasema. "Ungeniambia. Mimi kipofu, sijui nani kanuna mpaka aseme."

Kengele ikalia. Burgi aliporudi, Poldi alimwambia aende mbele, Mitzi amempisha pale kwa sehemu ya pili ya onyesho. Mitzi hakuwa amempisha mtu yeyote. Burgi alimbusu shavuni, akaenda zake, na Mitzi akamtazama akiegemea chuma kile, wivu ukimtafuna, maana sasa huyo ndiye atakayekuwa na ya kusimulia wiki nzima.

"Haya," Poldi akasema, akiupitisha mkono wake kwenye mkono wa Mitzi. "Unaona nini?"

"Sioni kitu. Naona nguzo."

"Basi nieleze nguzo."

Mitzi akaitazama. Taa zilikuwa zinaanza kufifia. Akainama sikioni mwa Poldi, akaanza kutoka juu.