Sahani Tisa za Bi. Riziki

Vuta mkeka ukae, msikilizaji wangu, maana aibu yangu hii haisimuliki kwa kusimama. Ukitaka kucheka, cheka tu, mimi mwenyewe nimeshaicheka mpaka mbavu zikaniuma (ingawa siku yenyewe sikucheka, nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kilemba changu).

Mimi ni Agnes, mkaazi wa Kikwajuni, nimezaliwa hapa hapa, babu yangu ndiye aliyetoka bara. Ni Mkristo, na kwa miaka mingi nimekuwa kiongozi wa jumuiya ya akina mama wa kanisa letu, tunaokutana kila Jumamosi alasiri nyumba kwa nyumba. Jirani yangu ni Bi. Riziki, Muislamu, mtu wa Makunduchi, dirisha lake na langu yanatazamana na katikati hapana hata hatua nne. Krismasi nikipika pilau, kuku wangu anachinjwa na mkwewe ili nao wale bila ya wasiwasi, na Ramadhani ikifika naletewa futari kila magharibi kama mtu aliyefunga. Nilipovunjika mguu, ni yeye aliyenipikia mpaka nikasimama. Nakutajia haya ili ujue ni kitu gani nilikaribia kukipoteza.

Sasa nikueleze habari ya sahani, taratibu, kwa sababu mkasa wote umo humo. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa kaimati, unairudisha sahani na chochote, mkate, ndizi, hata sukari. Na mwenye sahani haidai, kwani kuidai ni kama kumwambia mwenzio kuwa hana adabu. Ndiyo maana kila mwanamke hutia alama chini ya vyombo vyake, huyu herufi, yule rangi, na Bi. Riziki hutia nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Mila nzuri. Lakini mimi nina kiburi cha jikoni. Mimi nikipika watu huuliza nani kapika (sijisifu, waulize), kwa hiyo sikutaka kurudisha sahani na ndizi mbili kama mtu asiyejua moto unawashwaje, nikawa naiweka kabatini, najiambia Jumamosi nitaipeleka na keki, na Jumamosi inapita, na sahani nyengine inakuja, nami naiweka juu ya ile.

Basi siku hiyo zamu ya kupokea jumuiya ilikuwa yangu. Nikataka wageni niwaandalie katika bakuli la marehemu mama yangu, la kaure, lenye maua ya buluu, ambalo Krismasi nililipeleka kwa Bi. Riziki limejaa pilau. Nikatazama rafu ya jikoni, halipo. Lilibaki kabati kubwa la ukumbini, lakini mlango wake hukwama na mimi nilikuwa na haraka, kwa hiyo badala ya kufungua kabati nikafungua dirisha. Uamuzi mdogo tu, unaona?

"Bi. Riziki! Wee Bi. Riziki!"

"Naam!"

"Lile bakuli la mama yangu bado unalo?"

Wanawake wawili waliokuwa wakipita na vikapu vyao vya sokoni wakapunguza mwendo.

"Bakuli gani?"

"La maua ya buluu. La pilau ya Krismasi."

"Nshakurudishia zamani, Bi. Agnes. Na bokoboko ndani."

"Hayaa," nikasema, ile haya ndefu, unaijua, yenye maana kwamba sikuamini ila nina adabu zangu.

Yangeishia hapo. Lakini somo letu la siku ile, masikini mimi, lilikuwa la kumtendea jirani haki na kutazama makosa yako kabla ya kutazama ya mwenzio, kile kibanzi na ile boriti. Nami nikafundisha! Nikawaambia akina mama wanyanyue macho wafikirie boriti zinazobeba dari za nyumba za Mji Mkongwe, mti mzima wa mkoko, halafu mtu awe nao jichoni na bado anamtafutia jirani yake kibanzi. Wakatikisa vichwa. Nilipoona wametulia namna ile nikanogewa, nikaongeza mfano wa kwangu.

"Wako majirani," nikasema, "sitaji jina, kitu cha mtu kikiingia kwao hakitoki. Hata kiwe cha marehemu mama yako!"

Mama Veronika, aliyekaa karibu na dirisha, akaanza kunikonyeza. Nikadhani somo limemgusa. Nikapandisha sauti. (Dirisha lilikuwa wazi vile vile nilivyoliacha.)

"Hodi!"

Bi. Riziki akaingia na kanga yake kichwani, akawaamkia wote, akakataa kiti.

"Nimesikia natajwa bila ya jina," akasema. "Bi. Agnes, hebu fungua kabati lako."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema nisamehe. Lakini akina mama wote walikuwa wananitazama, na mimi ndiye kiongozi.

"Nafungua!" nikasema. "Nafungua kila mtu aone!"

Nikavuta, mlango ukakwama. Nikavuta kwa mikono miwili na mguu nimeukita kwenye mbao, mlango ukakubali kwa ghafla, nikaenda chini mimi, na baada yangu zikashuka sahani. Ni za melamini, hazivunjiki, lakini kelele zake utadhani ngoma imeingia ndani. Moja ikabingirika mpaka miguuni kwa Mama Veronika, ikazunguka, ikalala kifudifudi. Nukta nyekundu. Na ya pili nukta nyekundu. Zilikuwa tisa. Na nyuma kabisa, kwenye kona ya kabati, limekaa bakuli la mama yangu, safi, nimeliosha kwa mikono yangu hii.

"Kiongozi," akauliza Mama Veronika, "hiyo ni boriti au ni dari nzima?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Bi. Riziki hakucheka. Akaokota sahani moja, akaitazama chini, akaiweka mezani.

"Ziache tu," akasema. "Nlidhani zimekupendeza."

Akatoka, na baada ya muda nikasikia dirisha lake linafungwa. Dirisha lile, msikilizaji wangu, sikuwahi kuliona limefungwa ila kwa mvua.

Asubuhi ya Jumapili hapakuwa na "Umeamkaje, Bi. Agnes?" Nilikwenda kanisani nikakaa nyuma kabisa, na kila nilipojaribu kusali nikawa naona jambo moja: jichoni kwa mwenzangu hata kibanzi hakikuwamo, nilikitia mimi. Nikatoka nimeazimia kuoka keki kubwa ya kuombea msamaha, nikafika mpaka kwenye unga, ndipo nikashtuka. Keki tena? Si ndiyo maradhi yenyewe hayo?

Nikatia nilivyokuwa navyo. Sahani mbili za viazi vitamu vilivyochemshwa, mbili za njugu, mbili za ndizi, moja ya sukari, moja ya kipande cha mkate wa jana, na sahani ya tisa, kwa kuwa jikoni hapakubaki kitu, nikaitia chumvi. Nikazipanga zote kwenye sinia, nikajitwika. Mlango wa uani ulikuwepo, wa siri, lakini nilimtukana dirishani mbele za watu, kwa hiyo nikapita barazani, mchana, watu wamejaa.

"Bi. Riziki," nikasema kwa sauti ile ile ya dirishani, "bakuli lilikuwa kwangu. Na sahani zako zilikuwa kwangu. Mwenye kosa ni mimi, nakuomba radhi mbele ya hawa walionisikia."

Bi. Riziki akasimama mlangoni.

"Shusha sinia kwanza," akasema, "usije ukaanguka tena, shingo itakutoka."

Akazipokea moja moja, mpaka ya mwisho. "Na hii chumvi?"

"Ndiyo niliyokuwa nayo."

Akanitazama, midomo ikamchezacheza, halafu akaangua kicheko mpaka akashika mlango. "Mpishi mzima wa Kikwajuni kaniletea chumvi! Ingia ndani, mwenzangu, chai iko motoni."

Nimepika harusi nyingi nikasifiwa, lakini katika vyote nilivyowahi kubeba kichwani, sinia lile ndilo ninalojivunia. Na jumuiya hawakuniondoa uongozi, wamesema sasa angalau najua ninachofundisha.

Basi nawe, leo hii, fungua kabati lako utafute chombo kisichokuwa chako. Kitie ulichonacho, kipeleke mwenyewe kabla jua halijatua, na kama ulimsema vibaya mwenye chombo, anza kwa kumwomba radhi.