Jina la Kwanza

Makala yangu inayonukuliwa kuliko zote haitajwi kwa jina langu. Jina limo, lakini ni la pili, na desturi ya fani yetu ni kutaja la kwanza kisha kuandika "na wenzake". Nimestaafu sasa, ila bado nafungua simu kuangalia nani katutaja: leo mtu wa India, jana mtu wa Brazili. Wote wanaandika fulani na wenzake. Hao wenzake ni mimi, pamoja na mkuu wa idara ambaye hakupanda mlima hata siku moja.

Fulani huyo alikuwa mtani wangu. Yeye Mluguru wa Mgeta, mimi Mnyamwezi niliyezaliwa Morogoro kwa kuwa baba alikuwa fundi wa reli. Tulisoma pamoja Kilakala, tukaja kuajiriwa chuo kimoja, na hatukuwahi kusalimiana bila kutukanana. Aliniita mpagazi. Mimi nilimwambia kwao wanazaliwa na mguu mmoja mrefu kwa ajili ya mteremko.

Zilikuwa zama za ruksa. Maduka yalijaa sukari na soda baada ya miaka ya foleni, na chuoni tukaambiwa asiyechapisha asahau kupanda cheo. Tukaamua kupima kisukari kwa wagonjwa wa kifua kikuu wa milimani, wale waliokuwa wanameza dawa na hawapati nafuu. Tulipanda na malori yaliyokwenda kuchukua kabichi, kisha kwa miguu, boksi la barafu begani kwangu. Kipimo kilitaka mtu asiwe ametia kitu mdomoni, na kule mgeni akifika asubuhi, chai inabandikwa kwanza. Yeye ndiye aliyewabembeleza kwa Kiluguru mpaka wakaahirisha chai na kunyoosha mkono. Mimi nilifanya hesabu na kuandika, kila neno, kwa taipureta ya kuazima.

"Bila mimi ungepima migomba," alisema.

"Bila mimi damu yao ingebaki damu tu," nilimjibu.

Tulikubaliana jina langu litangulie. Kupeleka bahasha posta alipeleka yeye. Jarida lilipofika kutoka Ulaya, jina lake lilikuwa mbele.

"Mtani, nimekuibia!" alicheka hata kabla sijakaa. "Nenda kashtaki."

Sasa, mtani ana ruhusa yake. Akiingia uani akakamata kuku wako, unapiga kelele za uongo, kisha mnamla pamoja. Ukimnunia, wewe ndiye umevunja mila. Nililijua hilo vizuri. Lakini nilimwambia hili si kuku, nikatoka. Na mpaka leo naamini haki ilikuwa yangu. Sitajifanya mwema kwa sababu ya uzee.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwita daktari. Hakuna tusi ambalo lingemuuma zaidi. "Habari za asubuhi, daktari." Makala ile ikampandisha cheo, mimi nikabaki nasubiri. Kila aliporudi kutoka kwao aliniachia mlangoni kikapu cha njegere, nami nikampa jirani. Mara moja alinisimamisha ukumbini, akasema, "Mnyamwezi, nitukane basi hata kidogo." Nikamwambia nina kipindi. Nafsi inanisuta kwa jibu lile kuliko kwa jambo lolote nililowahi kuandika.

Alifariki kwa homa iliyomchukua upesi. Nilipanda Mgeta kwa lori la kabichi, kama zamani. Makaburini, padri alipomaliza kusoma, watu hawakushusha jeneza. Walikuwa wanangoja. Mama yake, ambaye miaka ile tuliikataa chai yake, akanitazama.

"Mtani wetu, mbona kimya? Mwanangu azikwe kama mtu asiye na mtani?"

Mtani huingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe anachodai, na watu hucheka ili wapumue. Mimi nilidhani nimeshaipoteza nafasi hiyo. Kumbe nyumbani kwao hakuwahi kumwambia mtu kwamba tumenuniana. Nikavua viatu, nikashuka, nikakaa kwenye udongo wa baridi.

"Sitoki!" nikapiga kelele. "Huyu ni mwizi! Mguu mmoja mrefu! Kaniibia jina la kwanza, nalitaka sasa hivi!"

Watu wakaangua kicheko, ingawa hawakujua nasema nini. Nilitaka kuendelea kumtukana, nilikuwa na matusi ya miaka mingi.

Mama akasogea ukingoni, akainama.

"Haya, mtani. Tumekurudishia. La kwanza ni lako. Sasa toka, umpishe mwenzio alale."

Wanaume wawili wakanishika mikono kunipandisha, kwa sababu mwenyewe sikuweza.