Maneno Niliyoyabakiza Kinywani

Wiki ya tano nilifika hospitali nimevimba kwa hasira. Mdogo wangu nimemtoa kisiwani Chovae kwa mashua, nimempa chumba changu hapa Kismayo ninapoishi na mama, kila Jumatatu namburura mpaka kwenye kile chumba cha ushauri, na bado mtu hali, halali, mwanawe wa miezi mitano hamtazami. Vidonge anameza. Maswali anajibu. Nafuu iko wapi? Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yule mshauri kwamba kazi yake ni porojo tupu.

Msichana tu yule, wallahi. Miwani mikubwa, sauti ya kubembeleza, katoka mji mwingine huko juu, na lugha yake ni Kisomali peke yake. Sisi Wabajuni, na mdogo wangu Kisomali chake ni cha kununulia sukari. Basi mkalimani nikawa mimi. Nani mwingine? Mimi ndiye mdomo wa nyumba yetu tangu nina miaka kumi: sokoni mimi, kwa askari mimi, kwa wenye ofisi mimi. Na kazi hiyo ina namna yake. Mama akisema, "Mwambie huyu mchu," yaani mtu, "hana adabu, mamake hakumfunza," mimi humwambia askari, "Mama anakusalimu, anakuombea dua." Ningetafsiri kila neno la mama, tungekuwa tumefungwa zamani.

Maradhi yalimjia mdogo wangu baada ya kuzaa mtoto wa tatu. Watu wa kisiwani walisema jini. Akasomewa, akanyweshwa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha kuoshwa kwa maji. Sina neno na kombe, hata mimi nimelinywa. Lakini arubaini ilipita, yeye anazidi kunyauka, nikasema basi, hospitali. Mama akanuna: "Wataka kumtangaza mwenzio kuwa ana wazimu?" Nikamjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilisema kwa kinywa changu hiki hiki.

Siku ya kwanza, mshauri aliuliza, "Abaayo," yaani dada, "asubuhi ukiamka wajisikiaje?" Nikatafsiri. Mdogo wangu akatazama sakafu, akasema taratibu, "Natamani nisingeamka. Natamani bahari inichukue."

Lahaula! Mwana wa Kiislamu, mwana wa watu, aseme hivyo mbele ya mgeni asiyetujua? Kesho mji mzima useme watu wa visiwani wana wazimu, na wanawe je, nani atakuja kuwaposa? Nikamgeukia yule msichana. "Anasema amechoka kidogo," nikamwambia.

Akaandika.

Ndivyo tulivyokwenda, Jumatatu baada ya Jumatatu. Mdogo wangu akisema kwamba akimshika mtoto mikono inamtetemeka na haoni kama ni wake, mimi nasema mtoto analia sana, hampi usingizi. Akisema nyumba ingekuwa na raha bila yeye, mimi nasema anaendelea vizuri, alhamdulillah. Daktari wa vidonge naye, kwa kusikia hayo, akaviacha vidonge vile vile, kimoja usiku, akasema dawa hii huchukua wiki kadhaa, tusubiri. Nami nikirudi nyumbani namfokea mgonjwa: "Jikaze basi! Wenzio wanazaa saba!" Kisha namsema daktari, namsema mshauri, namsema mama na kombe lake. Hakuna niliyembakisha.

Wiki hiyo ya tano mshauri aliuliza swali lile lile. Mdogo wangu akajibu lile lile, na safari hii akaongeza kwamba jana, nilipokuwa sokoni, alikwenda peke yake mpaka ufuoni akasimama majini, akarudi kwa kuwa mama alimwita. Hasira niliyokuja nayo sikujua imekwenda wapi.

"Anasema amechoka," nikasema.

"Maya," akasema mdogo wangu. Hilo ni "la" kwa Kisomali. Akainua uso, mara ya kwanza tangu nimlete, akamkazia macho yule msichana, akaanza kuokoteza Kisomali chake cha dukani, neno hapa, neno pale: "Mimi kuchoka hapana. Mimi kufa nataka. Kila siku nasema. Huyu hasemi."

Mshauri akaweka kalamu chini. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. "Ameanza lini kusema hivi?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya hata hapo. Uzoefu ninao.

"Tangu siku ya kwanza," nikasema.

Daktari akaitwa mbio. Dawa ikabadilishwa, tukaambiwa asiachwe peke yake hata dakika moja, na vidonge nivifungie mimi. Yu hai leo, ndiyo maana nathubutu kuyaandika haya. Na kumbe palikuwa na muuguzi mwanamke, Mbajuni mwenzetu, jengo la pili pale pale, kazi yake kupima watu presha! Hakuna aliyefikiria kumwita kwa sababu nilikuwapo mimi. Siku hiyo akaitwa, nami nikaombwa, kwa adabu zote, nitoke nje.

Nikakaa kwenye benchi la ukumbini naungua, na safari hii sikumpata mtu wa kumsema. Walichukua muda mrefu. Nilisikia mdogo wangu akilia kwa sauti, kilio ambacho sikuwahi kukisikia wiki zote tano, na mara mbili niliinuka nikitaka kuingia, mara mbili nikajikalisha.

Alipotoka nikamshika mkono. "Nisamehe, mwana wa mama. Niliona haya."

Hakuuvuta mkono wake. Alinitazama tu, macho mekundu.

"Nife mimi," akasema, "ili usione haya wewe?"